Mshamba wa Sinema Aliyekuja Kuwa Waziri Mkuu

Filamu ya Muhogo Mchungu ilitoka mwaka 1952, na kisa chake hakina makuu. Mshamba anaingia Dar es Salaam na imani yake yote ya kijijini, na wajanja wa mjini wanamchezea wapendavyo. Aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa mtumishi wa serikali, kijana wa miaka 26, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka 10 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Ikapita miaka 10 mingine, akakalia kiti hicho mara ya pili, sasa kikiwa cha Tanzania. Ni katika kipindi hicho cha pili ndipo Mkoa wa Rukwa ulipozaliwa, na ndipo wakulima wa Ufipa, sawa na wenzao wa nchi nzima, walipoambiwa wahamie vijiji vya kupangwa.

Wasomaji wengi wa leo wakisikia Muhogo Mchungu humkumbuka mzee wa vichekesho wa televisheni aliyejulikana kwa jina hilo la kisanii. Filamu yenyewe haijulikani sana. Ikitajwa, hutajwa kama kichekesho cha pembeni katika maisha ya kiongozi: kumbe Mzee Kawawa naye aliwahi kuigiza! Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kutoka Dar es Salaam. Naona inafaa kusimuliwa pia kutoka Sumbawanga, mji wa Ufipa, kwa sababu mshamba wa aina ile hakuwa mtu wa kubuniwa tu. Alikuwepo kwa maelfu, na njia mojawapo aliyokuja nayo ilianzia huku.

Ufipa ni nyanda za juu zilizoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, zenye upepo, majani mengi na miti michache. Reli ya Kati ilipita mbali sana upande wa kaskazini ikielekea Kigoma. Tawi la kwenda Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi, wala halikuteremka hadi Sumbawanga. Kodi ya Mwingereza, hata hivyo, ilifika kila nyumba, na ilidaiwa kwa fedha taslimu. Mahindi, maharage na ulezi vilistawi, ila kuvifikisha sokoni kuligharimu kuliko bei yake. Bidhaa iliyoweza kujipeleka sokoni yenyewe ilikuwa mwanamume mwenye nguvu.

Basi wanaume wakatoka. Katika miaka ya 1930 wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wengine waliandikwa kuwa manamba, wakasafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, mkononi kipande cha kuhesabia siku za kazi. Mkataba ukiisha, wapo waliorudi na blanketi na baiskeli, na wapo waliopotelea huko huko. Nyuma yao walibaki wanawake, wazee na mashamba ya matuta.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na mawazo mawili yasiyopatana kuhusu mtu huyu. Ilimtaka atoke kijijini afanye kazi ya mzungu, lakini haikutaka azoee mji. Akikaa mjini angedai nyumba, mshahara wa kulisha familia, na siku moja chama cha wafanyakazi. Kwa muda mrefu serikali na wamisionari walitafuta namna ya kumwambia mambo hayo mawili kwa wakati mmoja. Wakaijaribu sinema.

Chimbuko la jaribio la kwanza kubwa lilikuwa ile ile migodi ya shaba walikokwenda Wafipa. Mmarekani J. Merle Davis, aliyefanya kazi na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, aliongoza uchunguzi kuhusu yanayowapata Waafrika migodini, na kitabu chake kikatoka mwaka 1933. Miaka miwili baadaye, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, ukaanzishwa mradi wa majaribio wa sinema za mafunzo kwa Wabantu. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Wakubwa wake walikuwa Leslie Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, na Geoffrey Latham, aliyetoka katika idara ya elimu ya Rhodesia ya Kaskazini. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35: za minyoo ya safura, za kodi, za kuweka akiba posta. Sauti zilirekodiwa kwenye santuri na kuchezwa sambamba na picha, mpango uliohitaji fundi mwenye subira. Kisha filamu, mashine na jenereta vikapakiwa kwenye lori na kutembezwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mojawapo iliitwa Gumu. Ni habari ya kijana anayeacha kijiji, anaingia mjini, anaangukia marafiki wabaya na kuharibikiwa. Fundisho lake halihitaji kuchimbwa: bora ungebaki kwenu. Watengenezaji waliipenda hadithi hii, na si wao peke yao. Mwaka 1949 Donald Swanson alitengeneza filamu huko Johannesburg kuhusu kijana aitwaye Jim, ambaye hajamaliza hata siku moja mjini tayari kaibiwa. Jim ana bahati kumshinda Gumu, maana anaishia kuwa mwimbaji. Ila anaanzia mlango ule ule.

Nitoke kidogo kwenye barabara kuu, kwa sababu Ufipa ina hadithi yake ya zamani kuhusu mgeni anayewasili. Inasimuliwa kuwa Milansi palikuwa na mfalme, Ntatakwa. Siku moja akiwa hayupo nyumbani, walitokea wanawake wageni kutoka mbali, watu wa ukoo wa Watwaki. Waliukuta mji bila mwenyewe, wakashika kiti. Mfalme aliporudi hakukuwa na vita. Palipatikana maafikiano: utawala wa nchi ulikwenda kwa wageni, naye akabaki na mlima wake wa Milansi, heshima yake na kazi ya matambiko. Mtaalamu Roy Willis, aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika sana juu ya simulizi hii. Kwangu linalovutia ni kwamba katika kumbukumbu ya Wafipa, mtu wa kuja si mjinga wa kuchekwa. Anafika mchovu, hana ndugu, na kabla jua halijatua anatawala. Waandishi wa filamu za kikoloni hawakuwa na nafasi ya mgeni wa namna hiyo. Bila kujua, wakampa nafasi ya mshamba mgeni wa namna hiyo hasa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Tanganyika ilitaka filamu za Kiswahili zenye kisa, zenye kuchekesha, ambazo mtu angezitazama bila kuhisi yuko darasani. Wakazi wa Dar es Salaam hawakuwa wageni wa sinema: walikwishazoea filamu za Kihindi na za kiboi za Marekani, na hawakuwa watu wa kuridhishwa na picha ya mwalimu akinawa mikono. Mwaka 1951 serikali ikaingia mkataba na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, iliyoanzishwa na tajiri I. W. Schlesinger mwaka 1915. Kampuni ilileta kamera na mafundi, na serikali ikatoa watu wake. Katika matunda ya mradi huo zimo Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi na Meli Inakwenda.

Kawawa alikuwemo katika watu hao wa serikali. Alizaliwa mwaka 1926 upande wa Songea, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Namtumbo, akasoma Liwale, kisha Dar es Salaam, kisha Shule ya Serikali ya Tabora, ambako Julius Nyerere alisoma kabla yake. Alipomaliza alianza kazi ya ukarani, akahamia idara ya ustawi wa jamii na kujishughulisha na elimu ya watu wazima. Ndiyo njia iliyomfikisha kwenye kamera. Hakuigiza tu, alishiriki pia katika uandishi.

Tabora aliposomea palikuwa makao makuu ya Jimbo la Magharibi, ambalo kwa sehemu kubwa ya utawala wa Mwingereza lilijumuisha Ufipa pia. Sidai kwamba alimwona Mfipa fulani akishuka garini na mzigo wake akamwiga. Ninachosema ni kwamba mtu wa kuja hakuwa mgeni machoni pake. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, aliyetoka kusini ya mbali, tofauti ikiwa kwamba alikuja kwa njia ya shule badala ya kipande.

Mchekeshaji anayeigiza mshamba ana njia mbili. Anaweza kusimama upande wa wajanja na kumcheka mjinga, au akasimama ndani ya mjinga na kuuonyesha mji ulivyo mkatili. Njia ya kwanza ni rahisi, na wenye mradi ndiyo waliyoitaka. Ya pili inafungua swali ambalo serikali haikutaka kulisikia: kwa nini mtu huyu aliacha kwao? Mtazamaji aliyekuwa amelipwa ujira wa kibarua asubuhi hiyo alikuwa na jibu tayari, hata kama filamu haikulitaja. Sioni ajabu kwamba aliyeigiza nafasi hiyo hakudumu katika kazi ya kuonya watu wasije mjini. Aliingia katika kazi ya kuwatetea waliokwishakuja.

Kwanza, hata hivyo, serikali ilimtuma kwingine. Mwaka 1953, Kenya ikiwa katika hali ya hatari, Kawawa alipelekwa Urambo, magharibi ya Tabora, kuhudumia Wakikuyu waliowekwa kambini kwa kushukiwa kuwa Mau Mau. Urambo palikuwa mahali pa aina yake. Miaka michache nyuma palikuwa moja ya vituo vya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ambao ulimeza fedha nyingi na kuacha matrekta yakishika kutu. Sasa palikuwa na wafungwa wa kisiasa na mtumishi mmoja aliyetoka kwenye sinema.

Aliporudi, mambo yalikwenda mbio. Alishika uongozi katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mwaka 1955, Tom Mboya akiwa amekuja kutoka Nairobi kutoa msaada, liliundwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, na Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Mwaka 1956 aliacha utumishi wa serikali. Shirikisho liliunganisha makuli wa bandarini, watumishi wa majumbani, na watu wa mkonge, ambao miongoni mwao walikuwemo Wafipa. Kusimama mbele ya umati wa watu wasiojua kusoma, ukawashika kwa maneno, ukajua wapi watacheka na wapi watanyamaza, ni ufundi ambao haufundishwi ofisini.

Tarehe 22 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na kiti akamwachia Kawawa. Nchi ilipokuwa jamhuri Desemba mwaka huo akawa Makamu wa Rais, na baada ya Muungano wa 1964 Makamu wa Pili. Chini yake yalipatikana mambo mawili ambayo wanahistoria wa wafanyakazi huyataja pamoja kwa uchungu: kima cha chini cha mshahara, na sheria ya 1962 iliyobana sana haki ya kugoma. TFL yenyewe ilivunjwa mwaka 1964, ikaja NUTA iliyofungamana na chama. Mtetezi wa wafanyakazi sasa alikuwa mwajiri wao mkuu.

Serikali huru nayo ilitaka sinema. Mwaka 1968 ilianzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na katikati ya miaka ya 1970 ikatoa filamu ndefu, Fimbo ya Mnyonge. Mhusika wake ni Yombayomba, mkulima maskini anayeondoka kwenda mjini kutafuta maisha. Mji unamtupa, naye anagundua kwamba riziki yake iko katika kijiji cha ujamaa. Uhuru umeshapatikana, mkoloni ameshaondoka, mafundi ni wananchi, na mshamba bado anashuka kwenye basi ili ashindwe. Kilichobadilika ni anakorudi. Gumu alitakiwa abaki chini ya mtemi wake, naye Yombayomba anarudi kwa mwenyekiti wa kijiji.

Wakati huo Kawawa alikuwa amerudi katika uwaziri mkuu, alioushika kuanzia 1972 hadi 1977. Ni miaka ya Madaraka Mikoani, mpango uliofuta halmashauri za wilaya na kupeleka watumishi wa wizara mikoani. Mwaka 1974 Sumbawanga ilitolewa Mbeya, Mpanda ikatolewa Tabora, zikaunganishwa kuwa Mkoa wa Rukwa. Mji mdogo wa Sumbawanga ukapata mkuu wa mkoa, wakurugenzi na ofisi zilizohitaji majengo ambayo hayakuwepo. Mtu wa Kasanga au Laela aliyekuwa na shida ya kimkoa hakulazimika tena kuipeleka Mbeya.

Mwaka huo huo ulikuwa wa Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho wake ni 1976. Nyerere alitangaza, kutekeleza kukawa kazi ya serikali aliyoiongoza Kawawa. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikuwa katika vijiji vya ujamaa nchini. Kufikia 1975 idadi ilipita milioni 9. Hesabu ya namna hiyo haipatikani kwa hotuba peke yake. Sehemu kadhaa za nchi nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi.

Kwa Mfipa lilikuwepo jambo la kushangaza katika amri hii. Tangu zamani watu wa Ufipa waliishi katika vijiji vilivyosongamana, nyumba kwa nyumba, na kijiji kilihama chenyewe ardhi inayokizunguka ilipochoka. Kumfundisha kuishi pamoja na jirani ilikuwa kumfundisha samaki kuogelea. Tatizo lilikuwa shamba. Kilimo cha Ufipa ni cha intumba: majani hukatwa na kufukiwa chini ya tuta kubwa la duara mvua zikielekea mwisho, yakaoza humo, kisha msimu unaofuata tuta hupasuliwa na mbolea yake kutandazwa kwa ajili ya ulezi au mahindi. Ni kazi inayoanza karibu mwaka mmoja kabla ya mavuno. Mtu akihamishwa katikati ya mzunguko huo, tuta linabaki alikotoka na njaa inamfuata aendako. Afisa aliyechora kijiji kando ya barabara ili lori la dawa na la chakula lifike hakuwa mtu mbaya, ila ramani yake haikuwa na alama ya tuta.

Ingekuwa hayo tu, hukumu ingekuwa nyepesi. Lakini katika miaka hiyo hiyo serikali ilianza kununua mazao kwa bei moja nchi nzima. Gunia la mahindi lililonunuliwa Sumbawanga lililipwa sawa na la Morogoro, na gharama ya lori ilibebwa na shirika la umma, NMC. Kwa Dar es Salaam ulikuwa mzigo, na wachumi waliulalamikia hadi ukaondolewa. Kwa Ufipa ulikuwa mapinduzi. Mara ya kwanza tangu kodi ya Mwingereza, mtu wa nyanda hizi aliweza kupata fedha kwa kubaki. Rukwa ikaingia katika ile mikoa minne iliyolisha nchi, pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma alikotoka Kawawa. Kama kuna jibu lolote kwa Muhogo Mchungu, nalitafuta kwenye bei hiyo kabla ya kulitafuta kwenye filamu: Gumu na Yombayomba walishauriwa wasiondoke, mkulima wa Laela alilipwa.

Mjini hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1976, Kawawa bado akiwa Waziri Mkuu, ilianza operesheni ya kila mtu afanye kazi. Vijana wasio na ajira walikamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Mtu aliyejulikana nchini kote akiwa mshamba aliyepotea mjini sasa aliongoza serikali iliyowakamata washamba waliopotea mjini na kuwapakia kwenye magari. Sina ushahidi kwamba yeye aliuona mkanganyiko huo. Huenda aliona uendelevu: tangu mwanzo filamu ilisema mshamba arudi kwao. Operesheni hiyo haikudumu. Mwaka 1983 ikarudiwa kwa jina la Nguvu Kazi, safari hii chini ya Edward Sokoine, nayo haikudumu.

Baada ya 1977 Kawawa alishika Wizara ya Ulinzi, ikiwa ni pamoja na wakati wa vita na Idi Amin, kisha kuanzia 1982 hadi 1990 alikuwa Katibu Mkuu wa CCM. Kwa wengi jina lake likawa Simba wa Vita, na katika picha za uzee wake anaonekana ameketi kimya, kofia kichwani, hana haja ya kumchekesha mtu.

Alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Kiti cha Waziri Mkuu siku hiyo kilikuwa kwa Mizengo Pinda, mzaliwa wa Mpanda, katika mkoa ambao Kawawa akiwa kwenye kiti hicho hicho aliuona ukizaliwa. Pinda alipenda kujitambulisha bungeni na majukwaani kama mtoto wa mkulima, na watu walimpigia makofi kwa jina hilo. Mwaka 1952 mtoto wa mkulima alihitaji tu kushuka Dar es Salaam na mzigo wake kichwani, watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.